Mlango Uliogeuka Ukuta

Hapa Kigali, sisi wanafunzi tunaotengeneza michezo ya kompyuta tuna mazoea mabaya: faili la leveli likikataa kufunguka, tunalipakia kwenye tovuti ya kugeuza mafaili, tunapakua jingine, basi. Napinga mazoea haya. Chukueni Doom, mchezo wa 1993. Faili lake la WAD hubeba kuta, maadui na amri za kufungua milango. Ligeuzwe kuwa OBJ, hubaki umbo tu. Mlango umekuwa ukuta. Na nakala ya kazi yetu tumemwachia nani? id Software iliutoa msimbo chanzo wa Doom Desemba 1997. Tuusome, kisha tuandike kigeuzi chetu wenyewe. Anayebonyeza kitufe tu hawezi hata kujua alichopoteza.