Miji ya Kale Iko Jirani

Msomaji, nataka kugombana nawe kidogo, na ugomvi wangu ni huu. Nikikuuliza miji ya kale iko wapi, utanitajia Roma, Athene na Babeli. Ukijitahidi sana utaongeza Kilwa na Gedi, kwa kuwa umezisoma kitabuni. Nikikuuliza maziwa ya milimani yako wapi, utanijibu Uswisi. Majibu hayo ni ya kweli, wala sikukatazi kuyajua. Lakini wewe unakaa Chebunyo, katika nchi ya Chepalungu, chini ya vilima vya chai vya Bomet na Kericho. Kutoka hapo ulipo, kwa safari isiyozidi juma moja, mtu aweza kuona kuta zilizojengwa kabla ya babu wa babu yako, akavuka mpaka, akasimama kwenye ukingo wa ziwa lililo ndani ya mlima, kisha akatembea katika mashamba ya mji uliohamwa zamani. Wewe hukwenda, na waalimu wako hawakukupeleka. Nasema kwamba hilo ni kosa, na sababu zinazotolewa za kulitetea ni dhaifu.

Katika shule moja ya upande huu, ambayo jina lake si la lazima hapa, nalihudhuria kikao kilichopanga safari ya mwaka. Fedha za wazazi zilikuwapo. Wajumbe wakachagua Nairobi, ili wanafunzi wauone uwanja wa ndege, wapande ngazi zinazojiendesha katika duka kubwa, wale chipsi, warudi usiku. Mimi nalipendekeza kusini. Mjumbe mmoja akauliza, "Huko kuna nini?" Watu wakacheka, na shauri likafungwa. Swali lile lilistahili jibu, nami sikupewa nafasi ya kulijibu siku ile.

Teremka kwa njia ya Sotik na Kisii hadi Migori. Kaskazini-magharibi ya mji huo ipo Thimlich Ohinga, boma la mawe ambalo yamkini lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zimesimama bila chokaa wala udongo wa kugandishia; jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito wake na kwa akili ya aliyelipanga, na mahali pengine ukuta wapita mita 4 kwenda juu. Milango ni mifupi, hata mgeni hulazimika kuinama aingiapo, na mtu aliyeinama si adui wa kutisha. Makabila kadhaa yalikaa humo kwa kupokezana, kila moja likitengeneza palipobomoka. Mwaka 2018 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wa dunia basi wanapajua. Ni mwanafunzi wa Chebunyo asiyepajua, naye aweza kufika huko na kurudi kabla ya jua kuchwa mara mbili.

Kutoka Migori barabara yaenda Isebania, na ng'ambo ya mpaka ni Sirari, katika Tanzania. Hapo wengi husita. Husema, "Hiyo ni nchi nyingine." Tazama vema, msomaji. Wakuria wako upande huu na upande ule, lugha yao moja, ndoa zao zikivuka kwenda na kurudi. Mstari uliowagawa ulipangwa Ulaya mwaka 1886, katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani, na waliopatana hawakumwuliza Mkuria hata mmoja. Sisemi upite bila hati. Sheria ni sheria, na askari wa mpaka hana shida na mwanafunzi mwenye karatasi zake. Nasema tu kwamba mstari uliochorwa na wageni usiwe ndio mwisho wa udadisi wako.

Mbele ya Tarime, katika njia ya kwenda Musoma, lipo daraja la Kirumi. Ningekuwa mimi ndimi kiongozi wa safari, ningesimamisha basi hapo, hata kama dereva ananuna. Mto upitao chini yake ni Mara. Mto huo hufanyika na mito miwili itokayo katika msitu wa Mau, yaani Amala na Nyangores. Na Nyangores ndio uleule upitao karibu na mji wa Bomet, ambamo watu wako huteka maji na kunywesha ng'ombe. Maji hayo yamepita mbuga ya Maasai Mara, yamepita Serengeti, yamenyweshea nyumbu wasiohesabika, nayo sasa yanakwenda kuingia katika ziwa Victoria. Mti ukatwao Mau, hasara yake hufika hapa. Mwalimu aweza kulisema neno hili darasani mara kumi na mwanafunzi akasinzia mara kumi. Pale darajani hatasinzia.

Serengeti sitaieleza, kwa maana imesifiwa hata sifa zimechakaa. Ipite, upande milima ya Ngorongoro. Hapo zamani mlima mkubwa wa moto ulijibomokea ndani, ukaacha bonde la mviringo lenye eneo la kilomita za mraba 260 hivi, na ndani yake ziwa la magadi. Wageni wengi huona hilo, hupiga picha, hurudi. Wewe endelea kaskazini-mashariki hadi Empakaai. Hilo nalo ni shimo la volkeno, dogo kuliko lile la kwanza, lakini ziwa lake ni refu kwa kina na limezingirwa na msitu, na kandokando yake heroe huonekana kama utepe mwekundu. Halina mto utokao. Maji huingia, jua huyachukua, chumvi hubaki. Ndiyo maana hayanywiki. Siku isiyo na ukungu, kutoka kwenye ukingo huonekana Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai, ambao hutoa uji wa moto wa namna isiyoonekana katika volkeno nyingine yoyote iliyo hai duniani: mweusi ukiwa moto, mweupe ukiisha kupoa.

Sasa shuka bondeni hadi Engaruka. Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, tangu karne ya 15 hadi ya 18, watu waliishi katika vijiji vilivyopangwa juu ya ngazi za mawe. Mbele yao walilima mashamba ya kilomita za mraba 20 hivi, katika nchi ambayo mvua yake haitoshi kuivisha mtama. Walifanyaje? Waliyakamata maji ya mto utokao katika milima ile uliyotoka kuiona, wakayaongoza kwa mifereji hadi kwenye vitalu vilivyozungushiwa mawe. Katika sehemu nyingine waliyaacha maji yenye tope yatulie, tope likakaa, wakapata udongo wa kulima mahali palipokuwa na kokoto. Kwa maneno mengine, hawakulima shamba tu, bali walilitengeneza shamba lenyewe.

Mwaka 1963 mwalimu mkuu wa historia wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alihutubu kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa, isipokuwa ya Wazungu waliokuwamo. Mifereji ya Engaruka ilikuwapo siku ile. Louis Leakey alikuwa ameichunguza tangu 1935. Lakini nitakuwa mwenye haki. Leakey aliikisia idadi ya wakazi kuwa makumi ya elfu, na wachunguzi waliomfuata wameona hesabu hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa si nyumba zote zilikaliwa wakati mmoja. Basi wako watakaoniambia, "Huo si mji, ni vijiji vikubwa." Mimi nawajibu kwa Kiswahili chenyewe. Katika lugha yetu mji ni mahali watu walipokaa wakapafanya pao; kijiji ni mji mdogo, na mwenyeji ni mwenye mji. Haikuandikwa popote kwamba lazima pawe na jumba la mfalme na uwanja wa michezo ya kuuana. Anayeipima Engaruka kwa fimbo ya Roma ataiona fupi. Na aipime Roma kwa fimbo ya Engaruka, aone nani alilisha watu wengi kwa maji machache bila watumwa wa kutekwa vitani.

Walihama kwa nini? Wachunguzi wengi hutaja kupungua kwa maji kuwa mojawapo ya sababu. Wewe uliyezaliwa Chepalungu, ambako kiangazi hukausha visima wakati jirani zako wa juu wanachuma chai kwenye umande, huhitaji kuelezwa zaidi.

Zimebaki hoja mbili za wajumbe. Ya kwanza: "Haimo katika mtihani." Si kweli. Volkeno imo, Bonde la Ufa limo, kilimo cha kunyweshea kimo. Tofauti ni kwamba katika kitabu vimechorwa kwa wino mweusi. Ya pili ni fedha, nayo nakubali ni nzito. Safari hii ni ghali kuliko ile ya Nairobi, ijapokuwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa katika mbuga zile kiasi kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Basi nendeni mara moja katika kila miaka miwili, mkalale shuleni badala ya hotelini, mkapike wenyewe. Mwaka ambao fedha hazikutosha kabisa, fikeni Thimlich Ohinga tu na kurudi.

Kikao cha safari kitaitishwa tena, na safari hii ombeni mwakilishi wa wanafunzi aruhusiwe kuingia. Mjumbe yule akiuliza huko kuna nini, mwakilishi wenu aanze na maji ya Nyangores chini ya daraja la Kirumi.