Kochi la kwenye simu na kochi la Matisi

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa Matisi, kwenye banda la fundi seremala, nikijaribu programu niliyoiandika. Unaelekeza kamera ya simu sakafuni, na kochi ambalo fundi bado hajalipigilia hata msumari mmoja linaonekana limetua sebuleni kwako. Wenyewe huita teknolojia hii uhalisia ulioongezwa.

Kwa fundi huyu si mchezo. Mteja huleta picha, hulipa nusu, fundi hununua mbao, sponji na kitambaa. Kochi likifika, halipiti mlangoni, au mteja anasema sivyo alivyofikiria. Pesa za fundi zinabaki bandani zikila vumbi.

Siku ya kwanza nilipata aibu. Kochi liliteleza kama limewekwa juu ya maji! ARCore, ambayo Google walitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2018, hufuatilia alama ndogo ndogo inazoziona kwenye kamera, huku ikisoma vihisi vya mwendo vya simu. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa haina alama za kushikilia. Mama mwenye nyumba akatandika leso yake ya maua, kochi likatulia tuli. Miaka yote hii ya kuandika programu, nikaokolewa na leso.

Wapo wanaosema dawa ni miwani. Apple Vision Pro ilipoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, bei ilianzia dola 3,499. Hapana jamani.

Mimi naona tupunguze vya kuchora, tuongeze vya kushika. Wiki ya pili tulimpa mteja fremu halisi ya saiprasi yenye sponji. Akaikalia, akasimama, akaitazama kupitia simu, ambayo kazi yake ilikuwa kubadilisha kitambaa tu. Papo hapo akaanza kubishana na fundi kuhusu urefu wa mikono ya kochi. Alipotazama lile la kuchorwa tupu, hakuwa ameigusia hata kidogo.

Kasoro bado ipo: mtu akipita mbele, kitambaa kinamfunika. Tangu 2020 ARCore inaweza kukadiria umbali wa vitu ili kuzuia hilo, lakini si kwenye kila simu, na ya fundi haimo. Kwa sasa nimeiacha, naandika sehemu ya mlango: kochi lisionekane kabisa mpaka upana wa mlango upimwe.