GARI LA USHIRIKA LISITOKE TENA NA FIMBO YA KUCHOMELEA

Ndugu wanachama wa ushirika wetu wa Rugu,

Safari hii ubao hauanzi na habari za kahawa. Hizo zimebandikwa chini upande wa kushoto, kama kawaida. Tunaanza na Land Rover yetu, maana tangu ule usiku wa mvua kila mtu anasema lake. Kwenye rubisi wanasema dereva alikuwa amekunywa. Kisimani wanasema gari lina mkosi. Dereva hakuwa amekunywa na gari halina mkosi wowote. Makosa ni yetu sisi wa kamati, na tumeona tuyaandike ukutani yasomwe na wote kuliko yanong'onwe.

Kwa ambao hawakuwepo, mambo yalikwenda hivi. Mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, gari likatoka kumpeleka hospitali. Kwenye mteremko wa pili, mara baada ya kuvuka shimo, usukani ukawa mwepesi mikononi mwa dereva, anauzungusha, magurudumu hayasikii. Gari likaenda lilikotaka lenyewe. Likaelekea upande wa mlima, likagota kwenye ukingo na kusimama. Upande wa pili, ndugu, ni bonde, na wote mnalijua. Vijana walimbeba yule mama kwa machela kwenye tope mpaka alipopatikana mwenye gari jingine. Alijifungua salama, mtoto mzima. Dereva aliporudi na tochi akakuta fimbo ya stelingi imekatika, na imekatika pale pale ilipokuwa imechomelewa.

Sasa tuseme ilichomelewa kwa nini.

Mtakumbuka masika yaliyopita gari lilikwama mara nyingi, na mkutano ukapitisha kwa mikono mingi kwamba linyanyuliwe. Tukatafuta fundi, akaongeza chuma katika kila springi, akaweka na sheko ndefu, gari likapanda juu inchi 4. Likawekwa matairi makubwa. Watoto wa shule wakalishangilia kweli. Hakuna hata mmoja wetu katika kamati aliyeuliza: je, usukani nao umenyanyuliwa?

Kumbe haukunyanyuliwa. Land Rover kama yetu, zile za Series III zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, zina ekseli moja ngumu mbele, imekaa juu ya springi za vyuma bapa. Boksi ya stelingi iko juu, imefungwa kwenye mwili wa gari. Magurudumu yako chini, kwenye ekseli. Kati yao kuna fimbo. Moja inatoka kwenye boksi kwenda mbele mpaka kile chombo cha katikati ambacho mafundi wanakiita rilei. Nyingine inatoka kwenye rilei kwenda gurudumuni, na ya tatu, tairodi, inaunganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kila fimbo ina bolijointi mbili, kwa hiyo jumla ni sita. Ukinyanyua mwili wa gari, rilei inapanda nao, ekseli inabaki chini, na ile fimbo ya pili iliyokuwa karibu kulala inakuwa imeinama kama ngazi iliyoegemezwa darini.

Anayebisha ajaribu nyumbani. Chukua fito la sentimita 90, shikilia mwisho mmoja ukutani. Mwisho wa pili uwe chini kwa sentimita 5, halafu uinue mpaka fito lilale sawa. Mwisho ule utasogea mbali na ukuta kwa milimita 1 na nusu hivi, hata huioni. Sasa lishushe mpaka sentimita 15, uinue zile zile 5. Utasogea milimita 7. Karibu mara tano! Ndiyo maana dereva wetu alikuwa analalamika kwamba kila akipita shimo gari linajikata lenyewe pembeni bila yeye kugusa usukani, na sisi tukamwambia aache uvivu, ashike kwa nguvu. Tunamwomba radhi hapa mbele ya wanachama.

Tena bolijointi ina mwisho wa kupinda. Fimbo ikiinama mno, na gurudumu likishuka shimoni, ile shingo inagota kwenye ukingo wa kikombe chake, na hapo kinachopinda ni chuma.

Sasa fimbo hiyo, baada ya gari kunyanyuliwa, ilionekana fupi. Usukani ukawa umekaa upande hata gari likienda moja kwa moja. Fundi akaikata katikati, akaongeza kipande cha bomba, akachomelea. Tulimshukuru kwa kutupunguzia gharama. Fundi mwingine wa Kayanga tuliyemleta baada ya ajali alitikisa kichwa akatuonyesha: fimbo ile ina nyuzi za kulia upande mmoja na nyuzi za kushoto upande wa pili. Unalegeza klipu zake, unaizungusha, inarefuka yenyewe. Tulikuwa tunahitaji kama sentimita moja tu! Sisi wengine tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, na tulishazoea kwamba kuuliza si aibu. Lakini siku ile hatukuuliza.

Alituonyesha na jambo la pili, nalo lilitutia baridi. Nati ya bolijointi moja ya tairodi haikuwa na kotapini. Ilikuwa imefungwa kwa waya wa senyenge. Waya ule ulikuwa umeshalika nusu.

Basi, tufanye nini? Maoni ni matatu kijijini.

Wa kwanza wanasema gari liuzwe. Hao tunawaambia waende wakamwulize yule mama.

Wa pili, wengi wao wazee, wanasema lishushwe lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Waitu, kamati nzima tulidhani hayo ni maneno ya watu wasiopenda maendeleo, lakini fundi alipotueleza tuliona kwamba wazee wana haki zaidi ya nusu. Kunyanyua springi hakunyanyui difu. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Kinachoipandisha difu ni tairi kubwa tu. Kwa hiyo zile inchi 4 tulizolipia zilitupa nafasi ya kuweka matairi, basi, na kwa matairi yale inchi 2 zingetosha. Zilizobaki ni za kuwafurahisha watoto wa shule.

Wa tatu wanasema iwekwe shokapu ya stelingi, eti usukani utatulia. Utatulia mkononi, ni kweli. Lakini fimbo iliyoinama itabaki imeinama, na bolijointi iliyolegea itabaki imelegea, ila dereva hatasikia tena. Hilo tunalikataa.

Sisi tunapendekeza hivi. Sheko ndefu zitolewe, gari lishuke mpaka inchi 2. Fimbo zote tatu zinunuliwe mpya, na ile tairodi iwe ya bomba nene, maana ya zamani ilishapindwa na kisiki ikanyooshwa kwa moto, na chuma kilichonyooshwa kwa moto hakiaminiki tena kwenye usukani. Bolijointi zote sita mpya, na kotapini mpya kwa kila nati. Kama hata kwa inchi 2 fimbo bado itainama kupita kiasi, uwekwe mkono wa gurudumuni uliotengenezwa ukiwa umeinuliwa, fimbo ipande juu na kulala. Kuna pia mkono mrefu wa kushusha upande wa rilei, ni rahisi zaidi kufunga, lakini mkono mrefu unaikamua rilei kama mpini mrefu unavyong'oa kisiki, na rilei yetu ni ya zamani. Mpira wa breki wa mbele nao uangaliwe kama haukuvutwa. Mwisho kabisa alaimenti ipimwe. Na mtu yeyote asichomelee kitu chochote cha usukani, hata akisema anafanya bure.

Tukumbuke pia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani. Siku ile angekufa mtu tungesimama sisi mbele ya hakimu, na haki ingekuwa yake.

Fedha zitoke wapi? Mfuko wa gari uliisha kwenye ile kazi ya kunyanyua. Tunaomba makato ya shilingi 20 kwa kila kilo ya kahawa ya msimu huu, msimu huu tu. Tunajua mwenye miti michache atasema hajawahi hata kupanda gari hilo. Aje aseme mkutanoni, asikilizwe. Risiti za spea zote zitabandikwa hapa ubaoni, na fundi atafunga mchana, uwanjani, watu wakiona.

Gari litakaa juu ya magogo mpaka hapo. Kwa wagonjwa wa usiku, zamu za vijana wa machela zimeandikwa mlangoni mwa ghala, kila kitongoji na usiku wake.

Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi chini ya mti wa ofisi. Ile fimbo iliyokatika iko juu ya meza ya mtunza ghala pamoja na kipande cha waya wa senyenge. Kila mwanachama apite aishike kwa mkono wake kabla ya kupiga kura.

Katibu, kwa niaba ya kamati