Unga umenunua, mwalimu wake ni nani?

Biashara Street tunaijua kwa leso. Lakini sogea kidogo upande wa Marikiti, pua yenyewe itakuonyesha njia: manjano, iliki, tangawizi kavu, unga wa mwarobaini. Na siku hizi wateja si mama zetu pekee. Ni sisi, simu mkononi, tunamwonyesha muuzaji klipu ya TikTok: "Nataka hii ya Ayurveda, ya kusafisha tumbo."

Manjano sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni vile tunalibeba hilo jina ovyo ovyo.

Ayurveda ni neno la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni elimu. Kwa mapokeo ya Kihindu, elimu hii ilianzia kwa Brahma, ikapokezwa hadi kwa Indra, kisha mwenye hekima Bharadvaja akaileta kwa binadamu. Baadaye Atreya akafundisha wanafunzi sita. Mmoja wao, Agnivesha, ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha Charaka Samhita, kitabu cha tiba cha karibu miaka 2,000. Umeona? Mnyororo mzima ni watu. Fulani kafundishwa na fulani.

Na kufundishwa kwenyewe hakukuwa mchezo. Mwanafunzi alikula kiapo mbele ya moto mtakatifu: atasema kweli, hatamdhuru mgonjwa, na ya nyumbani kwa mgonjwa hayatatoka nje. Sasa linganisha na huyo "mtaalamu" wa mtandaoni anayerekodi uso wa mgonjwa apate laiki.

Utaniambia, "Hiyo ni dini ya watu bana, mimi nataka dawa tu." Sawa. Lakini hapa kwetu nani anajiita ustadhi kwa kutazama video? Utaulizwa ulisoma chuo gani, kwa nani. Hata fundi cherehani alikaa kwanza na fundi wake. Kwa nini tumbo lako lipate ulinzi mdogo kuliko kanzu yako?

Manake hatari ipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Sisemi kila guru aaminiwe macho yamefungwa. Walimu wabaya wapo, na utii wa kipofu umeumiza wengi. Lakini Charaka Samhita yenyewe inamtaka mwanafunzi amchunguze mwalimu kabla ya kumkubali. Kuuliza si utovu wa adabu, ni sehemu ya mapokeo.

Kwa hivyo kabla hujalipa, uliza: Umejifunza kwa nani? Ndani mna nini? Nikiwa natumia dawa za hospitali je? Akikosa jibu, nunua iliki ya chai uende zako. Na kama unaumwa kweli, nenda hospitali.

Wewe dawa yako ya mwisho ulielekezwa na nani? Niambie hapo chini.