Sifa za Mstaafu na Wajibu Wetu

Jioni moja hapa Gitega niliwakuta askari vijana, waliokwisha kutoka zamu, wameizunguka simu moja. Walikuwa wakitazama mabao ya Shabani Nonda. Mabao hayo yalipofungwa, baadhi yao walikuwa wangali wakibebwa migongoni mwa mama zao. Lakini kila mmoja alilitamka jina hilo kwa fahari.

Wana haki ya kujivuna. Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akachezea Vital'O, kisha Yanga ya Dar es Salaam, akapitia Afrika Kusini na Uswisi kabla ya kung'ara Ufaransa. Katika msimu wa 2002/2003 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya nchi hiyo kwa mabao 26 aliyoifungia Monaco. Ni kweli kwamba jezi ya taifa aliyoivaa ilikuwa ya Kongo. Hata hivyo Warundi hawakumwondoa katika hesabu ya watoto wao.

Ametundika daluga zamani, lakini sifa zake hazijastaafu. Kwa nini? Tukumbuke tarehe 20 Aprili 2004, Monaco ilipopambana na Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Nonda alikuwa ametoka katika jeraha la goti lililomweka nje kwa miezi mingi. Monaco ilikuwa imebaki na wachezaji 10 baada ya mmoja wao kutolewa. Nonda akaingizwa kutoka akiba, na katika dakika ya 83 akafunga bao la tatu. Monaco ikashinda 3-1. Askari analielewa somo hilo: kuitwa wakati wenzako wamepungua, ukakutwa tayari.

Vijana wakiwa bado wanashangilia, akapita sajini mmoja mstaafu, jembe begani. Ni miongoni mwa askari wetu waliotumikia amani Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka majeshi mwaka 2007. Hakuna aliyeinua uso kumwamkia.

Ndugu askari na polisi, hapo ndipo penye kosa letu. Bao lina kamera. Kesha la mlinzi halina. Kumbukumbu ya mchezaji hutunzwa na mashabiki duniani kote, ila ya askari haina mtunzaji mwingine isipokuwa sisi tuliorithi nafasi yake.

Wapo wanaodhani dawa ni kujipiga picha ndani ya sare na kuzieneza katika simu. La hasha! Picha ya kituo humfaa adui kabla ya kumfaa rafiki. Sifa ya askari haitafutwi kwa kujitangaza. Hutunzwa na wenzake.

Kwa hiyo napendekeza jambo jepesi. Timu zetu zinapocheza katika Uwanja wa Ingoma, wastaafu wa jeshi na polisi wakaribishwe katika viti vya mbele, watajwe kwa majina na vyeo vyao, nao askari wapya wapigiwe mfano wa utumishi wao. Kambini, waitwe wawasimulie kuruta waliyoyaona. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni kubwa.

Tuendelee kumshangilia Nonda, kwani anastahili. Lakini mwenye jembe akipita, tusimame tumwamkie. Kesho sisi ndio tutakaopita njia ile.