KAZI YA MELI HAINUNULIWI

Ndugu wanafunzi, sisi wa mwaka wa sita tunakaribia diploma, na wengi wetu tunaota meli kubwa za watalii: jikoni, ku mashini, hata kufua mashuka. Kazi ni nzuri, ijapokuwa ni miezi mingi mbali na mama. Lakini ule mtu anayeomba dola 50 «za kuandika jina», hapana! Mapatano ya kazi ya baharini ya mwaka 2006 yanakataza kumlipisha mtu ili apate kazi. Pasipoti na cheti cha munganga, sawa, tutajilipia. Tena mfanyakazi wa meli anafundishwa kwanza kuzima moto na kujiokoa majini. Yeye hakutuuliza hata kama tunajua kuogelea. Wawili wetu wamekwisha kumpa minervali. Tunawaomba: semeni nyumbani leo, mbele wazazi hawajaitwa ku direksio.