Difu ya nguvu haimalizi utelezi wa Bukiriro

Gari la kuvuta nyuma likianza kuzungusha magurudumu kwenye mlima uliolowa, ushauri wa haraka ni kubadili difu: toa ya mbio, weka ya nguvu. Kwa njia za udongo za Bukiriro na vilima vingine vya wilaya ya Ngara, ushauri huo unapoteza fedha za watu, kwani unatibu ugonjwa ambao gari halina. Difu yenye pinioni ya meno 10 na krauni ya meno 41 ni 4.1: propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja, na nguvu ya kuzungusha huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ukitoka 3.7 (ya mbio) kwenda 4.3 (ya nguvu) unapata nyongeza ya asilimia 16 katika kila gia. Nyongeza hiyo ni ya kweli, ila tairi ndilo linaloamua kama itafika ardhini. Chukua injini ya nyutonimita 200, gia ya kwanza ya 3.5 na tairi lenye sentimita 30 kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa difu ile ya 3.7, magurudumu yanaweza kusukuma kwa nyutoni 8,600 hivi. Ekseli ikibeba kilo 700, lami kavu huhimili kama 6,000, na tope la masika pengine 2,000. Kabla fundi hajafungua nati hata moja, nguvu imeshazidi mshiko zaidi ya mara nne. Ukiiongeza, unaharakisha kuteleza.

Difu ya nguvu inalipa kwingine: kwenye lami kavu, gia ya tatu, ambako msukumo umeshuka na tairi bado lina nafasi ya kupokea zaidi. Inamfaa pia aliyefunga matairi makubwa, maana kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, difu ya 4.1 hufanya kazi kama 3.7.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba difu ya nguvu humwezesha dereva kutambaa bila kuunguza klachi, na tairi lisiloteleza hushika kuliko linaloteleza. Ni kweli. Lakini katika gari la mfano wetu, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, mwendo unashuka kutoka kilomita 8.7 kwa saa hadi 7.5 tu. Gharama yake inaonekana kwenye lami ya Lusahunga hadi Rusumo: injini iliyokuwa ikizunguka 2,500 sasa inakwenda 2,900 kwa mwendo ule ule, ikinywa mafuta zaidi. Wengine watataja Toyota Celica, za kuvuta nyuma, zilizoshinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986. Gari la mashindano, hata hivyo, hufungwa difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye pikapu ya kawaida: gurudumu lililo mtaroni linazunguka ovyo, na lile lililokanyaga pakavu linabaki limesimama. Mwenye fedha za difu azitumie kwanza kwa matairi ya matope na difu loki, na mzigo aupange juu ya ekseli ya nyuma.